Sumu ya nyoka inakaa, dawa yake inaharibika

Wakaaji wengi wa Kambove wakiua nyoka shambani wanamkata kichwa na kuona mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma bado, na sumu iliyomo ingali na nguvu. Sumu iliyokaushwa imepimwa kwenye maabara baada ya miaka zaidi ya 50, ikakutwa bado inafanya kazi.

Sababu ni hii. Sumu ni protini, kama yai. Yai likipata moto linageuka, lakini protini nyingi za sumu zimekazwa ndani kwa vifungo vya salfa, hivyo haziharibiki upesi. Nyoka anazitunza ndani ya tezi yake, katika maji yenye ukali wa asidi ileile ya ndimu, na ukali huo unazilaza. Nyingine, kama zile za kifutu, zinatengenezwa zikiwa na kifuniko. Kifuniko kikikatwa, mara nyingine na protini yenyewe, ndipo zinapata makali. Zikiingia mwilini mwa mtu zinaamka na kuharibu mishipa, damu na nyama.

Ndiyo maana jiwe jeusi halisaidii. Kuchanja wembe na kufunga kamba kunaongeza madhara. Dawa ni seramu. Na hapa ndipo penye shida: sumu inavumilia joto, lakini seramu ya maji inataka frigo ya digrii 2 hadi 8. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, dawa inaweza kuharibika. Iko seramu ya unga, inayokaa bila frigo pahali pasipo joto kali. Hiyo ndiyo inayofaa vituo vya afya vya vijijini.

Wanaohitaji zaidi ni familia zilizokimbia vita. Zinalala chini, ndani ya nyumba za majani na shiti, na kila siku zinaingia porini kutafuta kuni na kuchoma makala.

Wengine watasema seramu ni ghali. Ni kweli, na kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique mwaka 2014. Lakini mguu uliokatwa wa mama anayelima ni ghali zaidi. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliweka kuumwa na nyoka kati ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linataka vifo vipungue kwa nusu kufikia 2030. Kambove inatoa shaba na kobalti kwa dunia nzima. Ni haki ya wakaaji wake, wenyeji na waliokimbia, kukuta seramu ya unga karibu.

Wakati wa kungoja hilo: tembea na tochi usiku, vaa viatu, usishike nyoka aliyekufa. Mtu akiumwa, mvue pete na bangili, asitembee, mguu usitikisike, apelekwe hospitali kwa pikipiki mara moja. Asipitishwe kwanza kwa mganga.