Mtambo umelemewa, au hulemewa?

Kila mtambo wa umma unapozimika, Wakenya huelezwa kwamba "umelemewa". Mimi mwanaisimu sina budi kukitazama kiambishi -me-. Hicho hutuarifu kwamba tendo limekamilika. Hakituambii iwapo ni mazoea. Hilo ni jukumu la hu-, na tunalolihitaji ni hilo la pili.

Tuchukue mfano wa Julai 2023. Serikali ilikuwa imezindua Gava Mkononi tarehe 30 Juni na kutangaza kwamba huduma zipatazo 5,000 zinapatikana katika eCitizen. Kabla Julai kwisha, mtambo ukalemaa, na Waziri Eliud Owalo akakiri kwamba ulikuwa umeshambuliwa kwa mafuriko ya maombi. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Sina sababu ya kupinga. Hata hivyo, mafuriko ya hila na msongamano wa raia halisi hufanana mno kwa anayetazama siku moja tu. Awezaye kuvitenga ni yule aliyehifadhi kumbukumbu ya mzigo wa kawaida: Jumatatu asubuhi huwa kiasi gani? Mwisho wa mwezi je?

Zana za kazi hiyo ni kongwe. Mtambo wa TENEX huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tayari ulikokotoa wastani wa kazi zinazogombea prosesa. Unix na Linux zikarithi, nazo hutoa tarakimu tatu: wastani wa dakika 1, 5 na 15. Ya kwanza ikizidi ya tatu, mzigo unapanda.

Lakini wastani nao ni msemaji mwenye hila (wanasiasa wetu wanalijua hilo fika). RRDtool, programu iliyotolewa na Tobi Oetiker mwaka 1999, huzuia kumbukumbu zisifurike kwa kuzigeuza takwimu za zamani ziwe wastani wa vipindi virefu. Saa moja yenye mzigo wa 24 ikifuatwa na saa 23 zenye mzigo wa 1, wastani wa siku haufiki hata 2. Asiyeiagiza programu ihifadhi vilele pia hataiona tena ile saa ambayo watahiniwa walishindwa kuyafikia matokeo yao.

Wasimamizi wa mitambo ya elimu na wachapishe grafu za mwaka mzima, vilele vikiwemo. Walimu wa hisabati, kwa upande wao, watakuwa wamepata mifano ya somo la takwimu bila kuitunga.