Mimea ya milimani nayo ihesabiwe



Nina dukuduku juu ya mimea adimu ya milima hii ya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Inatoweka tukiitazama, na hakuna awezaye kusema imebaki mingapi.

Miaka mitatu iliyopita mzee mmoja wa kijiji ninachofundisha, ambaye ni mganga wa miti shamba, alinipandisha mlimani pamoja na wanafunzi wangu wa Darasa la Sita. Juu ya chemchemi, kwenye nyufa za miamba, alituonyesha mmea mdogo ambao bondeni huupati hata ukiusaka kutwa. (Jina lake sitalitaja, wala mahali ulipo, maana nitakuwa nimewachorea walanguzi ramani.) Mwaka jana tuliporudi tulikuta mashimo. Watu walikuja na magunia, wakang'oa mizizi, wala hawakufukia. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani ilikuwa mingapi?" Nilishindwa kumjibu. Mzee naye alisema ilikuwa mingi kiasi, basi.

Kwa kweli niliona aibu. Kila asubuhi naita majina darasani, na asipoitika mmoja nauliza yuko wapi. Mimea ile haina daftari, kwa hiyo hata ikitoroka yote hakuna wa kuuliza.

Wala si kwamba sisi wa Kigoma hatujui kuhesabu. Pale Gombe, tangu Jane Goodall alipofika mwaka 1960, sokwe wameandikwa mmoja mmoja kwa jina, mama na wanawe. Ndiyo maana wakipungua inajulikana. Mwaka 1994 ulianza mpango wa TACARE katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na baadaye walinzi wa misitu wa vijiji wakafundishwa kuandika kwa simu mitego, miti iliyokatwa na dalili za sokwe. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini mmea usiotoa mbao, ambao hata mgeni hatoi dola kuja kuutazama, nani anauandika?

Wataalamu wa mimea nao walifanya sehemu yao. Kazi ya kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1948 ikakamilika mwaka 2012, na aina zaidi ya 12,000 zimo. Vitabu hivyo vinakupa jina la mmea na mahali ulipochumwa. Havikuambii kama leo bado upo.

Hasara yenyewe tuipime kwa mfano wa Mahale, kusini mwetu. Mwaka 1987 Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua miti kwa urithi wa wazee wake, akiwa na mtafiti Michael Huffman, walimwona sokwe mgonjwa akitafuna kijiti kichungu cha mjonso. Watongwe wanautumia mti huo kwa maradhi ya tumbo. Habari hizo zilisomwa dunia nzima. Bahati nzuri mjonso unaota sehemu nyingi. Je, kama ungekuwa unaota kwenye kilele cha Nkungwe tu, halafu watu wa magunia wakatangulia? Mmea wa bondeni ukikosa nafasi hapa utaota kwa jirani. Wa kileleni hauna pa kuhamia, maana upande mmoja ni ziwa na upande wa pili ni mashamba yetu.

Wenzetu wa Nyanda za Juu Kusini wameyaona haya. Viazi vya okidi, yaani chikanda, vilichimbwa kwa magunia huko Kitulo na kuvushwa Zambia kwa ajili ya chakula. Mwaka 2005 Kitulo ikafanywa Hifadhi ya Taifa, hasa kwa ajili ya maua yake. Kilima cha kijiji chetu hakiwezi kuwa Hifadhi ya Taifa, wala hatuombi hivyo.

Wapo wanaosema dawa yake ni kuwapiga marufuku waganga. Sikubaliani nao hata kidogo. Mzee yule huchukua mzizi mmoja na kuacha shina, kwa sababu mwakani ataurudia. Mlanguzi hana mwakani. Waganga waingizwe katika kamati ya mazingira ya kijiji, maana bila wao hata hatujui tuhesabu nini.

Kuhesabu kwenyewe si kazi ya kutisha. Unapima kiwanja kwa kamba, unapigilia mambo pembeni, na kila mwaka mwezi ule ule unahesabu mikubwa, yenye maua na miche. Miche ndiyo ya kuangaliwa sana. Ukiona mikubwa tu bila miche, ujue mambo yameharibika zamani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kuwa na misitu yao ya hifadhi na kuitungia sheria ndogo. Basi uchimbaji wa mizizi kwa biashara uandikwe humo, na ukurasa wa mimea adimu uongezwe katika kazi ya walinzi wa misitu.

Kwa upande wetu shuleni, kamba tunayo na daftari tumekwisha lipigia mistari. Mwezi uliopita tulipanda tena tukakuta mashina kumi na moja yaliyonusurika katika ufa mmoja ambao mkono wa mtu mzima haufiki. Tunaomba Halmashauri itutumie bwana misitu kabla mvua hazijaanza, atuonyeshe pa kupigilia mambo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kigoma Vijijini.