Spidi haitafutwi kwa kuchoka

UKISHUKA Changarawe, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, ukakunja kuelekea Mzumbe, milima ya Uluguru inakuwa imesimama mbele yako. Kwa kocha wa mchangani, pale ndo gym ya bure. Timu ikianza kujiandaa na ligi ya wilaya au bonanza, vijana wanapelekwa kwenye mwinuko. Wanapanda, wanashuka, wanapanda tena. Anayetapika anaambiwa anatoa uvivu. Wakirudi uwanjani wanamaliziwa na raundi kumi.

Hatuna ugomvi na mlima. Ugomvi wetu ni jina tunalolipa zoezi lenyewe. Tunasema vijana wanatafuta spidi, kumbe wanatafuta pumzi. Pumzi ni muhimu, lakini winga mwenye pumzi asiye na mbio atafika kwenye mpira akiwa hajachoka, na beki atakuwa ameshaubutua.

Tuangalie mpira wenyewe. Mchezaji wa kiwango cha juu hutembea na kukimbia kati ya kilomita 10 na 12 kwa dakika 90. Sehemu kubwa ni kutembea na kujivuta. Mbio za kasi kabisa ni chache, na nyingi hazifiki mita 30. Lakini hizo chache ndizo zinazoamua mechi. Watafiti wa Ujerumani walichambua magoli 360 ya ligi yao kuu ya msimu wa 2007/08. Katika asilimia 45 ya magoli hayo, mfungaji alikuwa ametimua mbio za moja kwa moja muda mfupi kabla ya goli. Kuruka na kugeuka vyote vilikuja nyuma.

Hata marathoni inaweza kuamuliwa hivyo. Septemba 15, 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu alikimbia kilomita 42 kisha akamshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Wote waliandikiwa saa 2:09:48. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha ilipatikana kwenye mita za mwisho, kwa mtu aliyebakiza mbio.

Sasa spidi inatoka wapi? Wengi tunadhani ni kuzungusha miguu harakaharaka. Mwaka 2000, mtafiti Peter Weyand na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba mtu mwenye mbio na mtu mzito wanaurudisha mguu mbele kwa muda unaokaribiana sana. Tofauti iko chini, mguu unapogusa ardhi. Mwenye mbio anaipiga ardhi kwa nguvu kubwa zaidi, ndani ya muda mfupi zaidi. Mguu wa mkimbiaji bora wa mita 100, akiwa kwenye kasi yake ya juu, unakaa chini kama sekunde 0.1 tu, na kwa muda huo anasukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa. Usain Bolt alipokimbia sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009 alitumia hatua kama 41 tu.

Mchukue sasa kijana aliyepanda mlima mara kumi, umwambie akimbie kwa kasi. Kiuno kimeshuka, mguu unakaa chini muda mrefu, hatua zimekuwa fupi. Anajituma kweli, lakini anachojifunza pale ni kukimbia polepole kwa taabu. Mwili unashika kile unachourudishia kila siku.

Spidi inataka mchezaji akiwa freshi. Baada ya kupasha misuli moto, kabla mpira haujaanza, mpe mbio za mita 10 hadi 30. Mara sita hadi nane zinatosha. Kila moja akimbie kama anawahi pasi ya mwisho ya fainali. Halafu apumzike kweli. Makocha wengi wa mbio fupi hutumia hesabu ya dakika moja kwa kila mita 10 alizokimbia, kwa hiyo mita 20 ni mapumziko ya dakika mbili. Kiongozi akipita akawakuta vijana wamesimama atasema wanatega. Mwacheni aseme. Siku mbili kwa wiki, dakika 20 kila siku, na gharama yake ni filimbi.

Na mlima una kazi yake hapa, ila kwa kipimo. Hatua za kwanza za mbio zinataka mwili uinamie mbele na mguu usukume ardhi kuelekea nyuma. Mwinuko wa wastani unamlazimisha kijana kufanya hivyo hata bila kuelekezwa. Apande mita 15 au 20 kwa nguvu zote, ashuke akitembea, apumzike, arudie. Mwinuko uleule uliokuwa unamtapisha unakuwa mwalimu mzuri, ukitumia mita 20 badala ya kilomita mbili.

Kuna na suala la wepesi wa kubadili uelekeo. Siku hizi hata timu za mtaani zimenunua koni, na ni jambo jema. Lakini koni haikudanganyi. Beki anakudanganya. Wepesi wa uwanjani ni macho kwanza, miguu baadaye: kumsoma mtu, kufunga breki, kushusha kiuno, kukanyaga hatua fupi na kuchomoka upande mwingine. Watoto wetu walikuwa wanajifunza haya kwenye rede na kombolela bila kocha yeyote. Mrudishie kijana michezo ya kukimbizana, wawili wawili, ndani ya eneo dogo, na umfundishe kusimama kabla ya kumfundisha kuchomoka. Magoti mengi yanaumia pasipo kuguswa na mtu, mchezaji anapofunga breki au kugeuka vibaya.

Hapo ndipo tunapopoteza watu. Kila anayefuatilia ndondo anamjua kijana wa aina hii. Ana miaka 17, ana mbio za hatari, uwanja mzima unasimama akipewa mpira. Siku moja anakimbia, anashika nyuma ya paja, anakaa chini. Anachuliwa, anapumzishwa wiki moja, anarudishwa kwa sababu mechi ijayo ni ya kisasi. Nyama za paja zinachanika tena. Akifika miaka 20 yuko kijiweni na bodaboda yake, na watu wanasimulia alivyokuwa.

Kinga yake si ghali. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika enka, kisha anajishusha mbele taratibu akiwa amenyoosha mwili kuanzia magotini hadi kichwani. Akishindwa kujizuia anajipokea kwa mikono. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba timu zinazofanya zoezi hili mara kwa mara hupunguza majeraha ya nyama za paja kwa karibu nusu. Limo pia kwenye FIFA 11+, programu ya kupasha misuli inayochukua kama dakika 20, na haihitaji vifaa vya gharama.

Wapo watakaosema sisi wa Afrika Mashariki tumezaliwa na mbio ndefu, mbio fupi tuwaachie wengine. Waulizeni Wakenya. Septemba 18, 2021, Kasarani, Ferdinand Omanyala aliyewahi kucheza raga alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika. Nchi iliyojulikana kwa mbio ndefu ilimtoa yeye.

Na kwenye soka tunajua soko linalipa nini. Simon Msuva alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2014/15 kwa magoli 17, na mwaka 2017 akaondoka Yanga kwenda Difaa El Jadida ya Morocco. Mbio zake zilikuwa sehemu kubwa ya kilichomuuza.

Mwaka 2027 tunaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda. Vijana wa kukimbizana na mabeki wa Senegal na Morocco katika miaka inayofuata wako sasa hivi kwenye viwanja vya vumbi. Mvomero, wilaya yenye Mzumbe ndani yake, ndiyo iliyotupa Mtibwa Sugar ya Turiani, mabingwa wa Tanzania wa 1999 na 2000. Hakuna sababu kwa nini isitoe mawinga.

Tunawaomba walimu wa michezo mashuleni na makocha wa mchangani jambo moja. Jioni ya leo, kabla ya raundi ya kwanza, wapangeni vijana kwenye mstari wa goli. Wakimbie mita 20 kwa nguvu zote, wapumzike dakika mbili, warudie. Raundi kumi zitawasubiri mwisho wa mazoezi, kama bado mnazihitaji.