Kula Baa Bila Kunywa: Je, Inafaa?

 

Ndugu zetu wa Mwambao waishio Uingereza wanalo swali ambalo sisi tulioko huku hulijibu kwa haraka mno. Mtu anaalikwa na wafanyakazi wenzake, au na wazazi wa mkewe aliyesilimu, kwenda kula chakula cha mchana cha Jumapili katika baa ya kijijini. Yeye hanywi. Ataagiza samaki na juisi ya machungwa, atakaa saa moja, kisha ataondoka. Je, ana dhambi gani?

Wanavyuoni wa Usuul wametufundisha kuwa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Basi na tukifahamu kwanza. Baa ya kijiji cha Kiingereza si kilabu cha kichochoroni. Aghlabu ni jengo kongwe, lenye dari ya chini na meko ya kuni, na watu huingia humo pamoja na wazee wao na wajukuu wao. Katika vijiji vingi duka na posta zimefungwa, ikabaki baa peke yake kuwa mahali pa kukutana. Tangu mwaka 2001 ipo taasisi iitwayo Pub is the Hub, ambayo huzisaidia baa kuweka ndani yake duka, posta au maktaba. Sheria ya mwaka 2011 iliwapa wanakijiji wa England haki ya kuomba baa yao iorodheshwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii, ili ikitiwa sokoni wapewe muda wa kuchanga fedha na kujaribu kuinunua. Asiyeyajua haya hataelewa kwa nini moyo wa kijana wetu unalegea.

Ama kinywaji chenyewe, ile eli yao ya asili, ni shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, maji, hamira na maua ya mmea wa hopsi. Huendelea kuchachuka ndani ya pipa mpaka siku ya kunywewa. Wapo wanaodai kuwa kilevi chake ni kidogo, asilimia nne hivi, na kwamba khamri iliyotajwa katika Suratul Maidah ni ya zabibu tu. Hoja hii ilikwisha kujibiwa zamani. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), alipotumwa Yemen, alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya vinywaji vya watu wa huko, kimoja cha asali na kingine cha shayiri kiitwacho mizr. Jibu alilopewa, nalo limepokewa na Bukhari na Muslim, ni kuwa kila kilevyacho ni haramu. Mizr ni pombe ya shayiri. Eli ni ndugu yake wa damu.

Tuje kwenye sahani. Samaki wa baa mara nyingi huchovywa katika rojo la unga lililokorogwa kwa bia. Pai ya nyama huweza kupikwa kwa eli, na wenye baa hawafichi, wameliandika jina hilo katika orodha ya vyakula. Soseji ni za nguruwe, na huenda viazi vikakaangwa katika mafuta yale yale. Anayedhani amesalimika kwa kukimbilia samaki na aulize jikoni kwanza.

Lakini linalotutia hofu zaidi ni desturi yao ya raundi. Wakikaa watu watano mezani, kila mmoja kwa zamu yake huwanunulia wote. Mwenzetu ananyweshwa juisi kwa fedha za jirani yake. Zamu yake ikifika, aibu inamsimamisha na kumpeleka kaunta akalipie bilauri nne za bia. Hakunywa hata tone, lakini amenunua na amebeba. Nayo hadithi ya Anas (r.a.) aliyoipokea Tirmidhi inawataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, na mnunuzi na mbebaji wamo.

Kisha ni meza yenyewe. Tirmidhi amepokea kwa Jabir (r.a.) katazo la kukaa katika meza inayozungushwa pombe. Na Qurtubi, katika tafsiri ya aya ya 140 ya Suratun Nisaa, ananukuu kuwa Umar bin Abdulaziz (r.a.) aliletewa watu waliokamatwa wakinywa, akaambiwa mmoja wao alikuwa amefunga, naye hakumwachia, akaisoma aya hiyo inayowahesabu wakaaji kuwa mfano wa wale waliokaa nao. Kwa hiyo rai yetu ni kuwa haifai. Msafiri aliyekwama na asipate pengine pa kula ana hukumu ya dharura, wala huyo siye anayeuliza.

Je, jamaa wakatwe? La hasha. Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) aliruhusiwa kuunga udugu na mama yake aliyekuwa mshirikina. Wakwe na waalikwe nyumbani, wapikiwe pilau, na waambiwe sababu mapema, si siku yenyewe mlangoni. Nao wataelewa kuliko tunavyodhani. Joseph Livesey, muuza jibini wa mji wa Preston, yeye na wenzake sita walitia sahihi ahadi ya kuacha vileo vyote mwaka 1832. Na safari ya treni ya Thomas Cook kutoka Leicester kwenda Loughborough mwaka 1841 ilikuwa ya kuhudhuria mkutano wa kupinga ulevi. Leicester hiyo hiyo leo ina Waislamu wengi waliotoka Afrika Mashariki.

Wala sisi wa huku tusijifanye tumesalimika. Semina ngapi tumeketi hotelini, chupa za bia zikipita juu ya mabega yetu, na hakuna aliyeomba meza ya kando?

Linabaki jambo moja, nalo ni letu viongozi wa misikiti, kule na huku. Wanakijiji wale wanachanga ili wasipoteze mahali pa kukaa pamoja jioni. Misikiti yetu mingi hutiwa kufuli mara tu baada ya Isha, na kijana akichelewa kuvaa viatu hukemewa. Hatuombi jengo jipya. Tunaomba chumba kimoja cha pembeni, birika la kahawa, mikeka miwili, na mtu mwenye subira wa kuushika ufunguo mpaka saa nne usiku.