Mandolini nzuri huanza kwa muuzaji mwema

Juma hili nina barua ya baba mmoja wa Kisauni, Mombasa, ambaye yumo katika njia panda.

Binti yake anayesoma kidato cha tatu amepiga mandolini kwa miaka minne, kwanza shuleni na sasa katika kikundi kidogo cha taarabu kinachoalikwa arusini. Chombo alichonacho ni kile cha kujifunzia. Kimechoka, na mwalimu wake amesema waziwazi kwamba kinamrudisha nyuma. Mama mtu alipopokea zamu yake katika chama cha akina mama, waliweka kando Sh45,000. Duka moja mjini linazitaka pesa zote hizo. Mtu mwingine, waliyempata kwa simu, anadai ana mandolini iyo hiyo kwa Sh30,000 na yuko tayari kuituma kwa basi. "Tuchukue ipi?" auliza mzee wetu.

Kabla sijamjibu, hebu nikusimulie yaliyonipata mwenyewe, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Miaka mingi iliyopita nilimnunulia kijana wangu mandolini katika duka ambalo jina lake nitalihifadhi. Mwenye duka aliuza redio, pasi na tochi, na mandolini ilining'inia mlangoni ikipigwa na jua. Niliipendea rangi yake. Sikuuliza lolote isipokuwa bei, na nilipopunguziwa Sh500 nikajiona mjanja.

Nyumbani mambo yakawa mengine. Nyuzi zilikaa juu mno, hata kijana akapata malengelenge vidoleni. Isitoshe, hata alipozilinganisha vyema, sauti za juu zilitoka chungu. Niliporudi dukani, mwenye mali alininyoshea kidole kibao cha ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Baada ya miezi mitatu kijana aliitundika ukutani. Leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, na hapigi chombo chochote.

Miaka ikapita. Siku moja nilimpelekea chombo hicho fundi mmoja wa udi. Alisogeza daraja la nyuzi kidogo, akalichonga chini, akafunga nyuzi mpya. Haikumchukua hata saa mbili, na mandolini ikaimba! Akaniuliza, "Kwani aliyekuuzia hakukufanyia haya?" Sikuwa na jibu.

Basi hilo ndilo funzo langu, msomaji. Mandolini yangu haikuwa mbovu. Mbovu alikuwa muuzaji, na aliyelipia kosa hilo ni mtoto.

Tuelewane kwanza kuhusu chombo chenyewe. Mandolini ina nyuzi 8 zilizopangwa jozi nne, nazo hulinganishwa kwa sauti za G, D, A na E, sawa kabisa na fidla. Ndiyo maana mpigaji fidla wa taarabu hahangaiki sana akipewa mandolini. Zipo zenye mgongo wa mviringo kama bakuli, ambazo asili yake ni Naples kule Italia, na zipo zenye mgongo bapa au uliobinuka kidogo, ambazo zilienea sana kupitia viwanda vya Marekani.

Tofauti kubwa kati ya chombo cha kujifunzia na kilicho bora imo katika ubao wa uso. Za bei ya chini mara nyingi huundwa kwa plaiwudi, yaani mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja. Zilizo bora huwa na ubao mmoja mzima, aghalabu wa mti uitwao sprusi, na sauti yake hukomaa na kunoga kadiri inavyopigwa. Kwa macho huwezi kuzitambua kirahisi, kwa sababu rangi huficha mengi. Chungulia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikipita kutoka juu hadi chini bila kukatika, huo ni ubao mzima. Ukiona matabaka kama ya chapati, hiyo ni plaiwudi.

Sasa sikiliza jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Mandolini nyingi hutoka kiwandani kabla hazijawa tayari kupigwa. Nyuzi zake zote zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, na uzito huo wote hulemea shingo na daraja. Katika mandolini nyingi daraja halikugundishwa kwa gundi. Linashikiliwa na nyuzi tu. Likisogea kidogo, sauti zote za juu huharibika. Kwa hivyo lazima awepo mtu wa kuliweka mahali pake, kupima kimo cha nyuzi na kusawazisha vile vyuma vidogo vya shingoni. Mtu huyo anapaswa kuwa muuzaji au fundi wake. Ukinunua mahali ambapo hakuna afanyaye kazi hiyo, umenunua nusu ya chombo.

Je, utamjuaje muuzaji mwema? Mimi humpima kwa maswali manne.

Kwanza, muulize kama yeye au mwenzake dukani anaweza kuipiga. Akiichukua, akailinganisha na kukupigia hata kipande kifupi, hiyo ni dalili njema. Anayeuza asichokifahamu hawezi kukueleza kasoro zake.

Pili, muulize kama ana fundi, na kama matengenezo ya kwanza yamo katika bei. Chombo kipya huhitaji kuangaliwa tena baada ya miezi michache, hasa kikitoka penye hewa kavu na kuletwa Pwani kwenye unyevu mwingi. Mbao huvimba, nyuzi hupanda. Kikipelekwa bara penye ukavu, mbao hunywea na huenda zikapasuka. Muuzaji mwema atakwambia haya kabla hujamuuliza.

Tatu, muulize kama unaweza kukirudisha, na katika muda gani. Jibu lolote atakalotoa, liandikwe kwenye risiti pamoja na aina ya mbao aliyokutajia. Kweli, Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Lakini nani anataka kwenda kortini kwa ajili ya mandolini? Karatasi moja yenye sahihi huokoa mengi.

Nne, muulize kama atakipokea chombo cha zamani na kukuondolea kiasi fulani katika bei. Anayekubali anatazamia kukuona tena, na anayetazamia kukuona tena huona haya kukudanganya leo.

Ukiwa dukani usiwe na haraka. Mpigaji mwenyewe aishike, aipige kwa nusu saa, taratibu na kwa nguvu. Kisha fanya jaribio hili rahisi. Hesabu vyuma vya shingoni mpaka cha 12. Gusa uzi hapo kidogo tu bila kuukandamiza, uupige, uisikilize sauti. Halafu ukandamize hapo hapo, uupige tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kufanana. Zikihitilafiana, daraja halijakaa sawa. Mwonyeshe muuzaji. Muuzaji mwema atalirekebisha mbele yako. Akikwambia "hiyo itazoea", mshukuru na uondoke.

Huenda utaniambia kwamba wako waliobahatika kwa kununua popote. Ni kweli. Bill Monroe, Mmarekani aliyeitwa baba wa muziki wa bluegrass na anayejulikana na wapenzi wa muziki wa kantri humu nchini, aliipata mandolini yake maarufu katika kinyozi huko Florida katika miaka ya 1940. Inasemekana alilipa dola 150. Ilikuwa Gibson F-5 iliyoundwa mwaka wa 1923 na kutiwa sahihi na Lloyd Loar, na leo mandolini za aina hiyo huuzwa kwa zaidi ya dola 100,000.

Lakini angalia mambo mawili. Monroe alikuwa bingwa, na sikio lake lilitosha kuwa fundi na mwamuzi. Tena, hata yeye alionja uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliirudisha kiwandani ikatengenezwe. Ikakaa miezi na kurudi bila kufanyiwa yote aliyoagiza. Kwa hasira alichukua kisu akalikwangua jina Gibson kichwani mwa chombo. Zilipita karibu miaka 30 kabla ya kupatana. Ikiwa bingwa aliyekuwa na chombo bora kuliko vyote alihitaji mtu wa kumtegemea baada ya kununua, sembuse binti wa kidato cha tatu?

Kuhusu kuagiza kutoka ng'ambo, sikatazi. Maduka mazuri yapo, na mengine hukubali kurudishiwa mali. Ila piga hesabu yote: nauli, ushuru, kodi ya VAT, na gharama ya kukirudisha kikija kimevunjika. Mara nyingi ile nafuu huyeyuka kama barafu ya mwuza juisi. Rahisi huwa ghali.

Sasa nikujibu wewe, mzee wangu wa Kisauni. Huyo wa simu usimtumie hata shilingi moja mpaka umeiona mandolini na binti yako ameipiga. Kununua kitu usichokiona ni kununua mbuzi ndani ya gunia. Hilo duka la mjini nalo usiliamini kwa sababu tu bei yake ni kubwa. Nenda siku isiyo na wateja wengi, uandamane na binti na mwalimu wake, na uulize maswali yangu manne. Likipita, lipa, na hizo Sh15,000 za ziada usizililie. Likishindwa, rudini nyumbani na pesa zenu. Kile cha zamani mpelekeeni fundi akisawazishe, kimsukume binti miezi michache mingine mkiendelea kutafuta.

Na jambo la mwisho, ndugu yangu. Mkiwa dukani, muuzaji akizungumza nawe tu na kumpuuza msichana, hiyo nayo ni dalili. Vidole vitakavyoumia au kustarehe ni vyake. Muuzaji mwema atamkabidhi yeye mandolini kwanza, kisha atanyamaza na kusikiliza.