Sindano ya Sukari: Je, Yatokana na Nguruwe?

Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu imo moja ambayo hatukuweza kuiweka kando hata zamu yake ifike. Imetoka kwa mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka tisa, mgonjwa wa kisukari, ambaye hudungwa sindano ya insulini kila siku. Jirani mmoja, kwa nia njema bila shaka, alimwambia mama huyu kwamba dawa ile ni maji ya nguruwe. Maneno hayo yakafika kwa mama mkwe, na kwa mama mkwe yakafika kwa baba wa mtoto, na sasa nyumba imegawanyika. Baba ataka sindano zisimamishwe mpaka hukumu ijulikane, bibi ataka mjukuu wake apewe mitishamba, mama aogopa. Atuuliza afanye nini.

Kabla ya kueleza lolote twamjibu hivi: Mama, usiache sindano hata siku moja. Swali laweza kungoja, mtoto hawezi. Kisukari kinachowapata watoto kwa kawaida ni kile ambacho kongosho limeacha kutengeneza insulini. Bila ya insulini sukari hujaa katika damu na mwili usiweze kuitumia. Mwili nao hugeukia mafuta yake wenyewe kuyayeyusha, na damu huingia asidi. Hapo mtoto hutapika, hupumua kwa haraka na kwa kina, hupotewa na fahamu, kisha hufa, na yote hayo huweza kutimia katika siku chache tu.

Sasa tuje kwenye suala lenyewe, kwani si suala la upuuzi. Wako watu waliosoma ambao wakiulizwa jambo kama hili hucheka na kumwona muulizaji mjinga. Sisi hatucheki. Mwislamu ana haki ya kujua kinachoingia mwilini mwake. Wala jirani yule hakuzua uwongo. Alisema jambo ambalo zamani lilikuwa kweli, ila khabari zake zimepitwa na miaka zaidi ya arubaini.

Insulini ilipatikana katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921. Daktari Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best walifanya kazi katika maabara ya Profesa Macleod, wakatoa maji ya kongosho za wanyama na kuwajaribia mbwa waliotiwa kisukari. Tarehe 11 Januari 1922 mtu wa kwanza alidungwa dawa hiyo: kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, aliyekuwa amekonda na kukaribia kufa. Sindano ile ya kwanza haikufaa, kwa kuwa dawa ilikuwa na uchafu mwingi. James Collip, mjuzi wa kemia, akaisafisha, na baada ya siku kumi na mbili kijana akadungwa tena. Sukari yake ikashuka, nguvu zikamrudia, akaishi miaka kumi na mitatu zaidi. Na dawa iliyomponya ilitolewa katika kongosho la ng'ombe, si la nguruwe.

Lakini haja ilipokuwa kubwa, viwanda havikuchagua. Vilichukua kongosho za ng'ombe na za nguruwe pia kutoka machinjioni, tena kwa wingi wa kustaajabisha, kwani kiungo hicho ni kidogo na insulini iliyomo ni kidogo zaidi. Basi kwa muda wa miaka sitini hivi Mwislamu mwenye kisukari alikuwa na insulini za aina mbili mbele yake. Aliyeweza kupata ya ng'ombe aliichukua hiyo (ingawa ng'ombe wasiochinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu nao wana hukumu yao). Na asiyeipata je? Hapa sharia haikumwacha. Katika aya ya 173 ya Sura ya Al-Baqara, pale pale nyama ya nguruwe ilipoharimishwa, Mwenyezi Mungu amemwondolea dhambi aliyefikwa na dharura bila ya kutamani wala kuruka mipaka. Na Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake vyasomwa katika darsa zetu za pwani, aeleza katika Al-Majmuu kwamba kujitibu kwa kitu najisi kisichokuwa kileo kwafaa pale isipopatikana dawa safi ya kushika mahali pake, na mgonjwa awe aijua tiba au ameambiwa na tabibu mwadilifu. Kwa hiyo hata katika zama zile ambazo maneno ya jirani yalikuwa kweli, hukumu haikuwa kumwacha mtoto afe.

Sasa tueleze jinsi mambo yalivyobadilika, maana hapa ndipo palipo na jibu.

Insulini ni protini, na protini ni mfano wa tasbihi: punje ndogo ndogo, ziitwazo asidi amino, zimetungwa kwa mpango maalumu. Mwingereza Frederick Sanger alitumia miaka mingi kuzihesabu na kuzipanga punje za insulini ya ng'ombe, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1958. Ilidhihirika kwamba insulini ina punje 51 katika nyuzi mbili, mmoja wa punje 21 na wa pili wa punje 30. Ile ya ng'ombe yahitilafiana na ya mwanadamu kwa punje tatu. Ya nguruwe yahitilafiana kwa punje moja tu, ile ya mwisho kabisa katika uzi mrefu. Ndiyo sababu ilimfaa mgonjwa; na baadhi ya wagonjwa ya ng'ombe iliwasumbua kwa muwasho na uvimbe.

Mpango wa tasbihi ulipojulikana, watu wa elimu wakajiuliza: je, hatuwezi kuitunga insulini ya mwanadamu bila ya mnyama yeyote? Mwaka 1978 wataalamu wa hospitali ya City of Hope na kampuni ya Genentech, huko California, waliandika kwa kemia maagizo ya kutengeneza nyuzi zile mbili, wakayatia ndani ya bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu vikatii maagizo, vikatengeneza nyuzi, nao wakaziunganisha. Mwaka 1982 serikali ya Marekani iliruhusu dawa hiyo iuzwe, nayo ikawa dawa ya kwanza ya namna hiyo. Baadaye wengine wakatumia hamira, jamaa ya ile tunayotia katika maandazi. Na kama mtu ataona karaha ya vijidudu, na akumbuke kwamba maziwa ya mgando anayoyanywa ni kazi ya vijidudu hivyo hivyo.

Karibu insulini yote iuzwayo leo ni ya asili hiyo. Ziko nyingine ambazo punje zake zimebadilishwa kidogo kwa makusudi: mwaka 1996 ilitoka moja ambayo punje mbili zilipeana nafasi, ikawa yafanya kazi upesi zaidi wakati wa chakula. Hiyo nayo haikutoka kwa mnyama. Msomaji atakayefungua karatasi iliyo ndani ya boksi huenda akaona imeandikwa kuwa ni insulini ya binadamu. Neno hilo lisimtie hofu mpya. Halina maana kwamba imetolewa katika mwili wa mtu. Maana yake ni kwamba mpango wa punje zake ni ule ule wa mwanadamu.

Ama mitishamba ya bibi, twamheshimu kwa umri wake na huruma yake. Tena hakukosea kudhani kwamba majani yaweza kushusha sukari. Vidonge vya metfomini, wanavyovimeza wazee wengi majumbani mwetu, vina nasaba na mmea wa Ulaya uitwao Galega. Mmea wenyewe una sumu, lakini wanakemia walitengeneza metfomini mwaka 1922, na mwaka 1957 Daktari Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza matokeo ya kuwatibia watu wa kisukari. Lakini vidonge hivyo humfaa yule ambaye mwili wake bado watengeneza insulini. Mtoto huyu hana insulini ya kusaidiwa, na hapana jani lijulikanalo liwezalo kumpa.

Kwa jirani naye tuna neno. Pupa yake ya kuchunguza haramu ataitumia vyema katika dawa nyingine ya homoni. Wenye upungufu wa tezi ya shingo wengi hupewa thairoksini iliyotengenezwa kwa kemia, lakini uko pia unga wa tezi za nguruwe zilizokaushwa, ambao ungali wauzwa katika baadhi ya nchi. Kwa kuwa badala yake ipo, hapo mgonjwa ana sababu ya kumwuliza daktari ni ipi aliyoandikiwa.

Mama ametuuliza tena kama mwanawe afunge Ramadhani ijayo pamoja na wenzake, naye hata baleghe hajafika. Hilo tutalieleza katika toleo la Shaabani, Inshallah. Kwa sasa twamwomba ampe mumewe ukurasa huu ausome, kisha waende pamoja dukani kwa mtu wa dawa, wafungue boksi, baba aisome karatasi kwa macho yake mwenyewe. Na sindano ya jioni idungwe kwa saa yake.