AFYA YA JAMAA: Sindano Iliyokataliwa

Mwaka uliopita, wakati wa mvua, mwanafunzi mmoja wa darasa langu hapa Sandoa alianguka toka juu ya wewa. Njia ilikuwa matope matupu. Pikipiki iliteleza, na kichwa chake kikapiga gogo la daraja. Tulipomwinua alitaja jina lake, akaomba maji. Tulishangilia, kumbe tulishangilia mapema mno. Kabla ya kufika kwa mwuguzi alikwisha nyamaza.

Mwuguzi hakukimbilia kabati la dawa. Aliagiza kichwa na shingo vishikwe vimenyooka, akatazama kama anapumua vema, akamwita kwa jina, akambonyeza ukucha, kisha akaandika hesabu fulani kwenye karatasi. Mjomba wa kijana akashindwa kuvumilia: “Mganga, mpige sindano ile! Ndugu yangu alipigwa hiyo zamani, akapona!” Mwuguzi akajibu kwa upole, “Baba, hiyo siitumii tena kwa kichwa.” Mjomba aliona amedharauliwa, maana kwetu mwuguzi asiyechoma sindano huhesabiwa kuwa amekaa bure. Nami leo nataka kumjibu mjomba yule.

Sindano aliyoitaka ni ya dawa ziitwazo steroidi. Hizo hupunguza uvimbe, na kwa kuwa ubongo ulioumia huvimba ndani ya fuvu lisilopanuka, ilionekana wazi kwamba zitafaa. Waganga wengi wa Ulaya na Marekani walizitumia kwa miaka zaidi ya 30. Wagonjwa wengine walipona, wengine walikufa. Waliopona walisifu sindano, na waliokufa hawakuulizwa. Ndipo Profesa Ian Roberts wa London, pamoja na wenzake, walipotaka kujua hakika. Katika hospitali 239 za nchi 49 walikusanya watu walioumia kichwa, wakawagawa kama kwa kura: hawa wapewe dawa, hawa wapewe maji yasiyo na dawa, wala mganga mwenyewe asijue ni yupi apataye nini. Walikusudia kufikia wagonjwa 20,000. Walipofika 10,008, mwaka 2004, kazi ikasimamishwa. Katika majuma mawili ya kwanza walikuwa wamekufa watu 1,052 waliopewa steroidi, na 893 wasiopewa, ingawa makundi yalikuwa karibu sawasawa. Yaani kati ya watu 100, walikufa 21 mahali pa 18. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa jicho la mganga mmoja katika hospitali yake. Angetibu maisha yake yote kwa moyo mwema asiione.

Profesa huyo hakuchoka. Mwaka 2019 kundi lake lilitoa habari za dawa nyingine, asidi ya traneksamiki, izuiayo damu isiendelee kuvuja. Dawa hiyo iligunduliwa Japani na Bibi Utako Okamoto na mumewe mwaka 1962, naye Bibi Okamoto alikuwa akiwafikiria hasa akina mama wavujao damu baada ya kuzaa. Walijaribiwa watu 12,737. Wale ambao hawakuumia vibaya sana, wakapata dawa kabla ya saa 3 kupita, walikufa wachache zaidi. Wale walioumia vibaya kabisa hawakuonyesha faida iliyo wazi. Saa 3! Kwetu saa hizo huisha katika kutafuta pikipiki ya pili, na njia ya Kolwezi sitaisema. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, dawa ya namna hiyo yafaa ikae karibu na watu, isingoje mjini.

Na zile hesabu za karatasini? Zilitungwa Glasgow, mwaka 1974, na waganga Graham Teasdale na Bryan Jennett. Macho yapata mpaka 4, maneno mpaka 5, mikono na miguu mpaka 6. Jumla 15 kwa mtu aliye macho kamili. Asiyejibu lolote apata 3, wala hakuna sifuri, jambo linigombalo mimi mwalimu. Aliye na 8 au chini yake yu katika hatari kubwa. Faida yake ni kuhesabu tena na tena: ikishuka, huenda damu yajikusanya ndani ya fuvu. Ndiyo maana mtu aweza kusema, akaomba maji, kisha akafa. Basi, mama, mtoto akiumia kichwa kisha akatapika mara kwa mara, au akasinzia pasipo kuamka vema, usiseme “mwache alale.” Wala asinyweshwe kitu hali hajaamka kamili.

Kijana wetu alianza na 9. Usiku ule mwuguzi alihesabu kila nusu saa, kwa taa ya simu. Alfajiri ikawa 11, siku ya tatu 15.

Amerudi darasani, lakini hesabu alizokuwa akizimaliza upesi sasa zamchosha, tena husahau na kukasirika bure. Baba yake alinijia na fimbo, akidhani ni uvivu. Nilimweleza kwamba kidonda cha ngozi kimefunga, bali ubongo wakawia. Tukapatana kijana akae mbele, apewe hesabu mbili badala ya tano, apumzike mchana. Juzi alifanya tatu.